Neno Aliloacha Kambini

Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama ya Likasi, na nilikuwa hodari, sioni haya kulisema. Vidole vyote kumi, macho kwenye karatasi, hata mara moja siangalii mashine. Hukumu, hati za kukamata, barua za kumwachia mfungwa kwa masharti, zote zilipita mikononi mwangu, nakala tatu tatu na kaboni katikati. Kwa hiyo nilijiona najua sheria. Mtu akiachiwa kabla siku zake hazijaisha, ana karatasi, na karatasi ina mhuri, na juu ya mhuri kuna saini. Asipokuwa na hayo, kwetu mahakamani hajaachiwa, ametoroka. Nilikuwa na kichwa hicho siku nilipokwenda kambini kwa askari kumwombea mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya kompanyi. Mtu mpole, ila mdomo wake ulikuwa na siku zake. Jumamosi moja hakwenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji ambayo chama kilitufanyisha wote, mkubwa kwa mdogo. Askari aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba alimkuta amekaa mlangoni ananyoa ndevu. Alipoulizwa kwa nini hayuko kazini, akajibu kwamba mfereji ule wanauzibua kila Jumamosi na kila Jumatatu mvua inauziba tena, kwa hiyo ikamatwe mvua. Majirani wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza, maana askari angeweza kuvumilia jibu lakini si kuchekwa. Wakamchukua na sabuni bado iko shavuni.

Wiki tatu nilipeleka chakula kambini kila mchana, bukari, ugali wetu, na mboga, wakati mwingine samaki mkavu. Walikuwa wamefungiwa watu tisa katika stoo ya zamani yenye mlango wa vyuma. Sisi wanawake tulikaa nje, kwenye jua, tukingoja vyombo. Hapo ndipo nilipozoeana na mke wa dereva mmoja, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Mume wake alifungwa kwa sababu alikataa kubeba magunia ya askari katika lori bila ruhusa ya tajiri wake. Mama yule alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na alikuja hivyohivyo, kila siku. Nilikuwa nambebea sufuria yake kutoka njia panda.

Dereva hakuwa na ombi jingine ila moja, aruhusiwe kwenda nyumbani mke wake atakapojifungua. Kwao, mtoto akizaliwa, baba anamchukua mikononi na kumsomea wito wa sala katika sikio la kulia, ili sauti ya kwanza anayoisikia duniani iwe hiyo. Aliwasomea watoto wake watatu wote. Nilimwambia mke wake, kwa ujuaji wangu, kwamba mjomba au mzee wa msikiti anaweza kusoma badala yake. Akakubali kwamba inawezekana kabisa. Kisha akageuza uso, nami nikajua nimesema upuuzi.

Basi Alhamisi ikaja habari kutoka Kakanda, kwao mume wangu, kwamba mama mkwe wangu amefariki. Nilimpenda mwanamke yule. Alinipokea nikiwa sijui hata kupika mboga za kwao, na hakunitangaza kwa mtu. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wake, aliyemnyonya mpaka miaka mitatu, kama alivyopenda kutuambia mbele ya wageni ili mtoto wake aone haya. Niliona haiwezekani azikwe bila yeye.

Ijumaa asubuhi nikapiga barua nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliweka vifungu vya sheria, nikaweka heshima zote zinazowekwa katika Kifaransa, nikavaa kitenge changu kipya nikaenda. Komanda wa kambi alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa mto mkubwa. Alisema Kilingala na askari wake, Kifaransa na sisi, na Kiswahili chetu alikuwa anakiokotaokota tu. Aliisoma barua mpaka chini, akaikunja, akanirudishia. Akasema Kifaransa changu hakina kosa, lakini vifungu hivi ni vya mahakama, na mume wangu hayuko mahakamani. Hana jalada, hana shtaka, hana tarehe ya kutoka. Sasa amwachie kwa masharti ya kitu gani? Nilisikia masikio yanawaka moto, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita, sitwayeni, yaani raia, kama tulivyoitwa wote siku zile. Aliamuru mume wangu aletwe. Akatueleza kwamba katika shule yao ya maofisa walifundishwa desturi moja ya majeshi ya zamani. Afisa aliyetekwa vitani aliweza kuachwa huru, hata kurudi kwao, akishatoa neno lake kwamba atarudi siku fulani, au kwamba hatashika tena silaha. Hakuna karatasi, hakuna mlinzi. Waliiita parole. Alisema amelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri, lakini hajawahi kuona mtu akifanya hivyo, na angependa kuona kama ni kitu kweli.

Mume wangu akafanya kama tunavyofanya sisi. Alilamba kidole ili akipitishe kooni na kukielekeza juu kwa Mungu, maana huku mtu akitaka kusadikiwa lazima aape. Komanda akamshika mkono. Alisema hataki kiapo. Kiapo anamwachia Mungu na padri. Yeye anataka neno tupu. Nilimwona mume wangu ameishiwa, kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Alisimama kidogo, kisha akasema polepole.

"Minye nitarudi Jumatatu, saa sita ya muchana."

Komanda akatupeleka mpaka kwenye mlango wa stoo na kuwaambia wale wanane waliobaki, askari mmoja akigeuza kwa Kiswahili. Huyu anatoka kwa neno lake. Akirudi Jumatatu saa sita, yeyote mwenye shida ya kweli ataweza kuomba naye atasikilizwa. Asiporudi, mtu asije kumwomba tena kitu, hata afiwe na baba na mama siku moja. Halafu akamnong'oneza mume wangu neno la siku hiyo, lile ambalo askari wa vizuizini walikuwa wakilidai na ambalo lilibadilishwa kila asubuhi. Lilikuwa jina la samaki.

Tulipokuwa tunatoka, dereva aliniita kupitia vyuma. Hakumwita mume wangu. Aliniita mimi.

"Dada yangu," alisema, "umurudishe."

Kizuizini jina la samaki lilifungua njia mara moja, askari hata hakutuangalia usoni. Tulifika Kakanda jioni, tukakuta kilio kimejaa, moto uani, mikeka, wanawake wa ukoo wamekaa chini miguu imenyooshwa. Jumamosi tulimzika. Watani wa ukoo wakafanya kazi yao yote bila kuacha kitu. Mmoja aliingia kaburini na kulala, akisema ni chumba chake, mpaka akatolewa kwa kuku. Mwanamke mmoja alivaa nguo za marehemu, akatembea akichechemea vilevile, akitugombeza wakwe kwa sauti yake hasa, kwamba sufuria hazikusuguliwa. Tulicheka huku machozi yakituchuruzika. Mtani kwenye kilio hakasirikiwi. Akishika kitu, ameshika, utamnyang'anya kwa kumpa kitu kingine tu, naye akikataa huna la kufanya. Tumekuta hivyo.

Mimi pia ni mtani wao. Baba yangu alikuwa wa kabila lile lile la wale waliokuwa wakifanya fujo. Lakini mke aliyeolewa katika ukoo hafanyi utani kwenye kilio cha mama mkwe. Anafunga kitambaa kichwani, anainamisha uso, anapika. Nami nilipika siku tatu, vizuri na kimya, kama mkwe anavyotakiwa.

Jumapili baada ya misa kaka mkubwa wa mume wangu alituita nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanga kila kitu. Kulikuwa na lori litakaloondoka Jumatatu asubuhi kuelekea mpakani, na binamu upande wa Zambia mwenye kazi tayari kwa fundi wa vyuma. Mimi na watoto tungefuata baadaye. Mume wangu akasema ametoa neno. Shemeji akauliza, kwa upole kabisa, ni neno gani linalotolewa na mtu aliyeshikiwa bunduki. Walimkamata bila kosa, wakamfunga bila sheria, sasa wao ndio wanaodai heshima? Sitasema kwamba shemeji alikuwa mjinga. Nilimweleza habari ya dereva na mke wake na ile mimba. Shemeji akauliza dereva ni ndugu yetu wa wapi.

Mume wangu akasema atarudi. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake, na sikuipenda namna alivyosema.

Jumatatu niliamka mapema, nikafunga mizigo, nikatafuta gari la kompanyi linalokwenda Likasi na kumsihi dereva wake atungoje. Niliporudi uani, mume wangu hakuonekana. Watani watano walikuwa wamekaa mbele ya mlango wa nyumba ya marehemu wakiimba kwamba wameshika mtoto wa mwisho, kwamba hatoki mpaka arobaini, na anayemtaka alete ng'ombe. Viatu vyake vilikuwa vinaning'inia shingoni mwa mmoja wao. Watu walicheka. Nikamwangalia shemeji, alikuwa amesimama pembeni na kuvuta sigara, hacheki wala hashangai. Hapo nikaelewa. Lori la mpakani lilikuwa linapakia palepale nyuma ya kanisa. Hakuna mtu angemlazimisha mume wangu apande. Wangemshika tu kwa mchezo mpaka saa sita ipite, halafu angekuwa hana tena njia nyingine.

Nilichungulia dirishani. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, miguu mitupu, mikono magotini. Hakufungwa kamba. Hakuwa anapigana na mtu. Nilimwambia atoke. Akajibu kwamba watani wamemshika, afanye nini? Jamani, nilikasirika! Sijawahi kumkasirikia mtu kiasi kile, na nilikuwa nampenda, na alikuwa amefiwa. Kwa maana nilimwona mpaka ndani. Alikuwa amefurahi kushikwa. Akishikwa, si yeye aliyevunja neno, ni kilio kilichomzuia, na komanda na dereva wangeambiwa hivyo, na yeye mwenyewe angejiambia hivyo Zambia mpaka azeeke. Nilimwambia hayo yote kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, kwa sababu bado nilikuwa mkwe. Akaanza kulia. Hakutoka.

Basi nikavua kitambaa cha ukwe. Nilienda kwenye moto wa kilio, nikachota majivu kwa mikono miwili na kujipaka usoni kama watani wanavyojipaka. Shangazi wa mume wangu aliziba mdomo kwa kiganja. Nilijua kitu ninachokipoteza pale, heshima ya miaka tisa kwa watu wale, nami nikaenda tu. Nikaingia kwa kuruka miguu ya wale watano, nikamkamata mume wangu mkononi, nikamtoa nje mpaka katikati ya uani.

"Minye pia niko mutani wa uyu marehemu," nilisema. "Kintu yangu njo hii. Nimeikamata."

Watani walitazamana. Mkubwa wao, mzee mfupi aliyekuwa amevaa sufuria kichwani, akaanza kucheka mpaka sufuria ikaanguka. Kitu alichokamata mtani hakinyang'anywi na mtani mwenzake. Yule mwenye viatu akavivua shingoni na kunipa mimi, si mume wangu, maana sasa vilikuwa mali yangu. Shemeji peke yake hakucheka. Alitufuata mpaka kwenye gari na kuniambia kwamba ninampeleka mume wangu kwa askari kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba akifa mle ndani nisije kumwambia yeye habari za neno. Nilipanda gari. Ilikuwa mwaka mzima kabla hajanisalimia tena, wakati ndugu yake ameshatoka siku nyingi.

Kizuizini tukakwama. Mume wangu alisema jina la samaki, na askari akatuambia hilo lilikuwa la Ijumaa, leo ni jingine, tushuke. Saa ilikuwa tano na nusu. Niliteremka na majivu yangu usoni na kumwambia askari yule kwamba huyu ni mfungwa wa komanda wake, anarudi mwenyewe kufungwa, na akichelewa wataulizwa wao waliomchelewesha. Askari akamuuliza mume wangu kama ni kweli anajipeleka. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, hoi. Askari akamwita mwenzake aje kuona. Walituangalia wote wawili kwa muda, kisha wakainua mti wa kizuizi. Nadhani waliona kwamba hakuna mtu anayeweza kutunga uongo wa aina hiyo.

Tulifika kambini bado dakika kama kumi. Komanda alikuwa amesimama barazani. Alitazama saa yake, akatazama uso wangu, hakuuliza. Alisema tu, "Bon," yaani vema. Mume wangu akavua mkanda na viatu kama wafungwa walivyotakiwa na kuingia ndani. Hakugeuka kuniangalia. Nilirudi nyumbani, nikanawa, nikalala na nguo zangu. Moyo wangu haukuwa na fahari yoyote. Nilijiona mwanamke mbaya.

Jumatano nilipofika na chakula, mke wa dereva hakuwa njia panda. Askari wa mlangoni akaniambia kwamba amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, na kwamba dereva ametoka tangu saa tatu kwenda nyumbani, anatakiwa arudi saa kumi. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kisha askari akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba safari hii komanda hakutosheka na neno. Alisema mtu aliyefiwa hurudi, lakini mtu mwenye furaha hukimbia, kwa hiyo dereva aonyeshe mtu wa kubeba adhabu yake asiporudi. Viboko, na kupelekwa gereza la mbali. Halafu mume wangu akasimama.

Nilikwenda kwenye vile vyuma. Nilimuuliza kama ana akili timamu, kama amesahau ana watoto, kama huyo dereva anamjua kiasi gani, wiki tatu hizi. Nilisema mengi. Yeye alikuja karibu, akashika vyuma kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu Kakanda akaniangalia machoni.

"Ni weye ulinirudisha," alisema. "Sasa ungojee na minye."

Nikangoja. Sikuweza kukaa wala kula. Saa nane, saa tisa, barabara haina mtu ila wanawake wenye maji na baiskeli moja moja. Nilihesabu sababu zote ambazo mimi mwenyewe ningekimbia ningekuwa dereva. Lori anajua kuliendesha, barabara zote za Katanga anazijua, mke ameshajifungua salama, na aliyebaki ndani si ndugu yake wa mahali popote. Niliwaza kumfuata nyumbani kwake nikamvute, kama nilivyomvuta yule mwingine, nikaacha, maana yule alikuwa wangu. Huyu hakuwa na mtu wa kumkamata. Ilibidi aje mwenyewe.

Saa kumi kasorobo alitokea kwenye kona anakimbia, kanzu ameikunja kiunoni, viatu mkononi. Alipita mbele yangu bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa vyuma na kusimama pale anahema, mpaka mume wangu alipomwona. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, na sikuwa nimelia hivyo hata kwenye kaburi la mama mkwe. Askari wa mlangoni alinisogezea kigoda chake, akaniambia nikalie juu, chini kuna siafu.